Wakili wa Mlalamikaji, Mwaka wa Tatu

Barua hii niliipata katikati ya Agosti. Sikuiacha ingoje zamu yake gazetini, nilimjibu mwandishi siku ileile kwa simu, nikaandika mpaka kidole kikafa ganzi, maana mtihani haungoji gazeti. Sasa yeye na mjomba wake wameniruhusu kuitoa na majina yao. Naitoa kwa ajili ya vijana wote mnaoniandikia kuhusu masomo ya sheria, kuanzia mnaosubiri kuanza chuo mpaka mlio mwisho kabisa kule Shule ya Sheria.

*

Mama Zabroni mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani huku Chiungutwa, mama yangu anadhani nasoma, na kweli daftari liko wazi mbele yangu ila sijasoma hata mstari mmoja, kwa hiyo naomba unisaidie na unisaidie upesi kwa sababu jambo langu lina tarehe.

Mimi nina miaka ishirini na tatu, nasoma shahada ya sheria, nimemaliza mwaka wa tatu kati ya minne. Aliyenisomesha tangu baba yangu alipofariki ni mjomba wangu, kaka wa mama, Mwalimu Dunstan, mstaafu wa shule ya msingi, na wewe ni mtu wa Newala unajua kwetu mjomba ni nani, akisema kaa unakaa, akisema simama unasimama, wala sisemi kwa ubaya, bila yeye ningeishia kidato cha nne. Sasa tangu siku nilipopata chuo mjomba hajaniita tena Arthur, ananiita wakili, na kwa kuwa amefundisha nusu ya kijiji basi kijiji kizima kikamfuata, nikishuka kwenye bodaboda wakili, kanisani wakili, watoto wananiamkia shikamoo wakili, mwaka wa kwanza nilikuwa nawasahihisha, mwaka wa pili nikachoka, mwaka wa tatu, nisikufiche mama, nikaanza kupenda.

Matatizo yalianzia kwenye Sheria ya Ardhi. Mwalimu alitupa jaribio, swali lilikuwa la mtu aliyeazimwa shamba akapanda miti ya kudumu, miaka ikapita, aliyemwazima akafa, warithi wanataka shamba lao, tuwashauri. Nilipolisoma swali lile nilicheka peke yangu kwa furaha, maana hilo kwetu nani asiyelijua, mkorosho ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mwenye ardhi, aliyepanda ataokota mpaka mti ufe, basi nikajaza kurasa nne, nikaeleza wazee wanavyokaa na mpaka unavyoonyeshwa, nikatoka wa kwanza darasani. Karatasi iliporudi nimepata kumi na moja kati ya arobaini, na chini mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, "Haya ni ya kwenu. Mamlaka iko wapi?" Niliikunja nikaificha ndani ya daftari. Sikwenda kumwona, nimelelewa kwamba mkubwa akishasema mdogo hamfuati kumuuliza kwa nini, tena niliona aibu, tena nilijiambia huyu anatudharau sisi watu wa kusini. Kwenye mtihani wa mwisho likaja swali la namna ileile nami nikajibu namna ileile, safari hii kwa hasira kidogo, na matokeo yalipotoka nina sapu, natakiwa kurudia mtihani Jumanne ya wiki ya kwanza ya Septemba, na nikifeli tena nabaki mwaka wa tatu. Nyumbani hajui mtu.

Na huku nyumbani shamba nalo lilikuwa linanisubiri. Zamani bibi yangu mzaa mama alimpa jirani sehemu ya shamba la ukoo apande mikorosho, jirani amekufa, sasa anaokota mwanawe, Mzee Jafari, ambaye sisi tunamwita Baba Zena, na haijawahi kuwa ugomvi. Ila mwaka jana miti michache ilipokufa akapanda miche mipya kwenye mapengo bila kuuliza. Mjomba akasema huyu sasa anajimilikisha, na kwa kuwa nyumbani kuna wakili basi tumtoe kabisa, yeye na miche yake na mikorosho ya baba yake.

Tukaenda Masasi mjini, pale Mkomaindo, kwa dada mmoja wa steshenari, mjomba akawa anasema, mimi nanyoosha maneno, dada anachapa, malalamiko ya kupeleka baraza la kata. Alipofika mwisho akauliza aandike cheo gani chini ya jina langu. Nilifungua mdomo, Mama Zabroni, Mungu ni shahidi nilifungua mdomo niseme mwanafunzi. Mjomba akanitangulia. "Andika Wakili wa Mlalamikaji," akasema, kisha akanyoosha kola ya shati lake akanitazama, na kwa namna alivyonitazama nilichukua kalamu nikatia sahihi.

Sasa baraza limetuita, na limetuita Jumanne hiyohiyo ya mtihani. Nikienda chuo mjomba atauliza wakili gani anayekimbia kesi yake, na hapo itabidi niseme habari ya sapu, nikibaki nimepoteza mwaka, na hata nikibaki, ninayotakiwa kuyasema mbele ya Baba Zena ni kinyume cha yaleyale niliyoyaandika kurasa nne nikiyaamini. Halafu mdogo wangu Nancy amechaguliwa naye kusoma sheria, anaanza mwaka huu kwa kunifuata mimi, na juzi ameniomba daftari langu la Sheria ya Ardhi, jaribio liko humo ndani, nikamwambia panya wamelitafuna. Wakati mwingine nafikiri niache tu sheria nikatafute kitu kingine, maana mtu anayefeli swali la mikorosho na ametoka Chiungutwa huyo atafaulu nini. Nishauri mama, Jumanne ile niende wapi?

Ni mimi mwanao,
Arthur

*

Marahaba, Arthur.

Nianze kwa kukuonea huruma kabisa, kwa sababu huko mbele sitakuwa na nafasi. Pole kwa baba, pole kwa sapu, na pole kwa kubeba jina ambalo hukuliomba. Nimekaa masijala ya mahakama miaka thelathini na moja, napokea majalada, nagonga mihuri, na vijana wa sheria wa kila hatua wamepita dirishani kwangu. Sapu haiui mtu. Mawakili ninaowajua waliowahi kurudia mtihani ni wengi, ila hilo hawaliandiki kwenye vibao vya ofisi zao. Kwa hiyo habari ya kuacha sheria iweke kando, sitaki kuisikia tena. Na panya wa Chiungutwa uwaombe radhi.

Huruma imeisha. Hiyo sahihi, mwanangu, imenifanya niweke kikombe cha chai chini. Wakili ni mtu aliyemaliza shahada, akamaliza Shule ya Sheria, akaapishwa, jina lake likaingia kwenye orodha ya mawakili. Wewe umemaliza kipi hapo? Nilimwona kijana mmoja, hodari kuliko wewe, siku anaomba kuapishwa mtu akaibuka na karatasi ambamo kijana yule alijiita wakili angali chuoni. Alisubirishwa mpaka akaota mvi. Nawe karatasi yako iko kwenye jalada sasa hivi, ina tarehe na ina jina lako kamili.

Tena kuna jingine litakalokuuma zaidi. Baraza la kata halimruhusu wakili kusimama pale kumwakilisha mtu. Haliruhusu hata wakili wa kweli. Umejivika cheo cha uongo ukakipeleka mahali ambapo wenye cheo cha kweli wanaachwa nje. Hilo mimi karani nalijua kwa kugonga mihuri tu, wewe wa mwaka wa tatu hulijui? Basi usimsingizie mwalimu wako habari ya kuchukia kusini. Hujasoma.

Na tukimtaja mwalimu, hebu toa ile karatasi uisome tena. Mwisho wa maneno yake pana alama ya kuuliza. Mtu mzima amekuuliza swali, mamlaka iko wapi, wewe ukakunja karatasi ukanyamaza miezi na miezi, halafu unaniambia ni malezi. Malezi gani hayo? Huku kwetu, Newala na Masasi na Chiungutwa yenyewe, mkubwa akikuuliza unajibu. Uliyemkosea adabu ni yeye. Mpigie simu, muombe nafasi ya nusu saa kabla ya mtihani, uende na karatasi hiyohiyo, na jambo la kwanza umwambie umechelewa kujibu.

Jibu lenyewe nusu yake unalo, ndilo linaloniudhi. Uliyoandika kuhusu mkorosho ni kweli, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inazitambua haki za kimila. Mila ya kwenu ina mlango wa kuingilia kwenye sheria. Kazi yako ilikuwa kuutafuta mlango, utaje kifungu, utaje kesi iliyowahi kuamuliwa, useme na mipaka yake, ndipo umkaribishe msahihishaji kwenye mikorosho. Wewe umemwingizia dirishani. Wenzako wasioujua mkorosho wataukariri tu, wewe umelelewa nao. Ukiongeza vifungu juu ya hapo nani atakukamata?

Daftari mpe Nancy, na jaribio likiwa ndani, wino mwekundu na yote. Mwaka wa kwanza kazi yake isiwe kuonekana mwanasheria. Asome kifungu chenyewe kabla hajasoma mtu aliyekifafanua, na kila kesi aiandike kwa mkono wake, nusu ukurasa tu, nani na nani, waligombania nini, hakimu aliamuaje na kwa sababu gani. Kiingereza cha vitabu kikimshinda asijifiche nyuma ya kamusi, amuulize mwenzake, kuuliza si ujinga. Na akishuka kwenye bodaboda wakamwita wakili, asahihishe siku hiyohiyo, maana siku ya pili ulimi unakuwa mzito, wewe ni shahidi.

Hapa naongeza kwa ajili ya gazeti: wa mwaka wa pili msinisome kwa kucheka. Likizo mnazunguka mjini na tai shingoni, wakati masijala tunatafuta mtu wa kupanga majalada. Njooni mjitolee. Mtapiga chafya mwezi mzima, lakini mtaona kwa macho yenu kesi nzuri inavyokufa kwa kukosa karatasi moja. Ninyi wa Shule ya Sheria, ugonjwa wenu naujua, ni haraka. Huko hamuulizwi tena mnajua nini, mnaulizwa mnaweza kuandika nini, basi andikeni hati ya madai kila siku hata ya kuku aliyepotea, mpeane mzisahihishane bila huruma. Na wewe Arthur ukifika mwaka wa nne watakutaka ufanye utafiti. Usinijie na sheria ya anga za juu. Andika juu ya miti ya watu kwenye ardhi ya watu, uje uwahoji wazee, na kila ukurasa utaje mamlaka.

Sasa Jumanne. Jumanne unakwenda kwenye mtihani, hilo halina mjadala. Ila kabla ya hapo, leo, siyo kesho, nenda kwa mjomba umwambie kwa maneno machache, mimi bado mwanafunzi, nimefeli somo moja, na ile sahihi ilikuwa kosa langu. Sema langu. Usimtupie yeye aliyesema andika, kalamu ilikuwa mkononi mwako. Kisha mmuombe mwenyekiti wa baraza kwa maandishi muondoe yale malalamiko, mjomba atie sahihi kama mlalamikaji na wewe utie yako kama mwanafunzi uliyekosea. Kama mjomba bado anataka kulalamika atalalamika kwa jina lake mwenyewe, baraza lina wazee wa kumsikiliza. Na umweleze vilevile unachokijua kuhusu mikorosho ya Baba Zena hata kama hakitamfurahisha. Mwanafunzi haruhusiwi kumwakilisha mtu, lakini hakukatazwa kusema kweli nyumbani kwao.

Atakasirika. Mwache akasirike. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe una wiki mbili tu za kuficha.

*

Siku tatu Arthur hakunijibu, nikasema basi, huyu ameamua kuwa jaji. Siku ya nne akapiga simu. Alimkuta mjomba shambani anapuliza salfa, dawa ya mikorosho, pampu mgongoni inanguruma, ikabidi asubiri mpaka izimwe, na kusubiri kule nusura kumrudishe nyumbani. Pampu ilipozimwa akayasema yote kwa pumzi moja. Mwalimu Dunstan hakupiga kelele. Aliitua pampu, akakaa chini.

Kisha akamsimulia jambo ambalo Arthur hakuwahi kulisikia. Miaka ile ya kufungua shule kila kijiji, walimu hawakutosha, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa huku wao wenyewe wakifundishwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba. Siku ya kwanza kushika chaki kijiji kizima kilimwita mwalimu, akafurahi, akatembea kifua mbele, na alichokuwa anafundisha hakukijua. Ndiyo maana alidhani hakuna ubaya mtu kuitwa wakili mapema, yeye mwenyewe alipata jina kwanza, ujuzi ukafuata.

"Lakini darasa langu la mwaka ule, nusu hawakujua kusoma," mjomba akasema. "Jafari alikuwa dawati la mbele."

Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba wito wa baraza, uliobeba nakala ya malalamiko, ulikuwa umeshampata Baba Zena, na Baba Zena hasomi. Arthur aliniambia mjomba hakunawa hata salfa mikononi. Walikwenda hivyohivyo kwa miguu. Walimkuta Baba Zena barazani kwake, karatasi ameikunja ndani ya kofia, siku tano alikuwa anaizungusha kijijini akitafuta mtu wa kumsomea asiyekuwa wa ukoo ule. Akasimama akamwamkia mjomba, shikamoo mwalimu. Mwalimu Dunstan aliichukua ile karatasi akamsomea mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, pamoja na "Wakili wa Mlalamikaji", kisha akamwambia wanaiondoa, na akamuomba msamaha kwa mengi ambayo baraza la kata halikuandikiwa.

Malalamiko yaliondolewa. Jumanne Arthur alikuwa kwenye mtihani. Kabla ya hapo alimwona mwalimu wake, ambaye, nashangaa nini, alimpa saa mbili badala ya nusu na kumwambia alikuwa amesubiri mtu wa kusini amjibu lile swali.

Oktoba, mikorosho ilipoanza kuangusha, jirani na jirani walikaa mbele ya baraza la ardhi la kijiji, wasuluhishwe tu, hakuna mshtaki. Wakakubaliana kwamba mikorosho ya zamani ni ya Baba Zena mpaka ife, ardhi ni ya ukoo wa kina Dunstan, miche iliyokwisha kushika ibaki mikononi mwake kwa ruhusa, na mpya isipandwe bila kuulizana. Makubaliano aliyaandika Arthur kwa Kiswahili chepesi. Baba Zena aliomba asomewe mara mbili, akasomewa mara tatu.

Mtendaji wa kijiji akageuza karatasi, akauliza aliyeandika amwekee cheo gani. Arthur alimtazama mjomba wake. Safari hii Mwalimu Dunstan hakumtangulia, akamsubiri.

"Mwanafunzi wa sheria," Arthur akasema. "Mwaka wa nne."